Bibi wa Kila Filamu

Habari ya msiba ilinikuta kwa kinyozi, Ngarenaro, nywele zimenyolewa upande mmoja. Aliyepiga simu alikuwa binti mkubwa wa marehemu, mfamasia, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alisema mama yake amefariki alfajiri hospitalini, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi, na kwamba watu wameanza kukusanyika nyumbani kwake Olasiti kabla ya mwili kusafirishwa kwenda kuzikwa Machame. Kisha akaongeza, “Kaka, wewe ndiye unayewafahamu wale wanafunzi wake. Waambie.” Nikaanza kutuma ujumbe palepale kwenye kiti cha kinyozi, na kabla sijafutwa shingo majibu yalikuwa yanaingia kutoka Kampala, Lusaka, Accra, na miji mingine ambayo marehemu hakuwahi kuikanyaga. Karibu wote waliandika neno moja kabla ya mengine yote: Bibi.

Ni miezi kadhaa sasa tangu siku hiyo, na wapo wasomaji walioniuliza kwa nini mtu niliyemfahamu vile sijamwandikia hata mstari. Sababu ni kwamba kulikuwa na jambo lililokuwa bado halijaisha, nami nilitaka kuliona mwisho wake kwanza. Wanaosoma safu hii kwa muda mrefu wanajua kwamba kila mwaka huwa naombwa kuongoza mazungumzo kwenye tamasha la filamu za wanafunzi hapa Arusha. Vijana kutoka vyuo vya nchi mbalimbali za Afrika huleta filamu zao fupi zikaonyeshwa ukumbini, lakini kabla ya maonyesho hupangwa katika vikundi vya mchanganyiko, Mtanzania na Mzambia, Mkenya na Mghana, na kila kikundi hupewa siku chache za kupiga filamu moja hapa mjini au kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nimezitazama filamu hizo miaka mingi, na kuna jambo moja nimelibaini. Mwambie kijana wa miaka ishirini na kitu aandike filamu ya dakika kumi, aandike anachotaka, na kabla ya dakika ya tatu atatokea bibi. Atakuwa anaumwa, au anatoa laana, au amekaa mlangoni akisubiri mtu asiyerudi. Na kwa kuwa Arusha si mji wenye waigizaji wazee wa kuchagua, bibi huyo, mwaka baada ya mwaka, alikuwa mama mmoja.

Hakuanza maisha kwenye filamu. Alipokuwa msichana aliajiriwa kuwa opereta wa simu, enzi zile ambazo mtu akitaka kuongea na Moshi au Nairobi ilimbidi ainue mkono wa simu, asubiri sauti ya mwanamke, amtajie namba, na mwanamke yule aunganishe waya kwa mkono. Aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka mingi aliifahamu Arusha yote kwa sauti bila kuijua kwa sura. Alikuwa akipita sokoni, anasikia mtu anabishana bei ya vitunguu, anasimama ghafla na kujisemea kumbe huyu ndiye yule mwenye shamba la kahawa anayempigia ndugu yake kila Jumapili. Mitambo ilipobadilika na kazi ya kuunganisha kwa mkono ikafutwa, alipunguzwa pamoja na wenzake, akafungua duka la mapazia Levolosi, akasomesha watoto. Mume wake, aliyekuwa fundi umeme, alifariki watoto wakiwa wameshaanza kujitegemea. Nilimwuliza siku moja anakumbuka nini zaidi kuhusu kazi ile ya simu. Nilidhani atasema mishahara au marafiki. Akasema anakumbuka kwamba watu wawili wakishaunganishwa, mara nyingi hawaanzi na lile walilopigiana. Wanaanza na mvua, na ng’ombe, na nani kapona mafua. “Jambo lenyewe linakuja mwishoni,” alisema, “wakati mtu anaanza kuaga.”

Mlango wake wa kuingilia kwenye filamu ulikuwa mapazia hayohayo. Kikundi kimoja cha wanafunzi kilikwenda dukani kuazima pazia la kupambia chumba walichokuwa wakipigia picha. Mama akakubali, lakini akataka aone linakwenda kutundikwa wapi, maana hakuwahi kusikia watu wanaazima pazia. Akafunga duka, akafuatana nao. Kule wakakuta mama mtu mzima waliyepatana naye aje kuigiza hakutokea. Vijana walikuwa wamechanganyikiwa, jua linasogea, na mgeni wao mwenye pazia amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anawatazama kwa hamu kama mtu aliye kwenye harusi. Wakamwomba. Akauliza atatakiwa kufanya nini. Wakamwambia atatakiwa kulala kitandani na kufa. Akasema hilo si gumu, akavua viatu.

Mimi nilimfahamu katika tamasha la mwaka huo. Baada ya filamu ile kuonyeshwa niliomba wenye maswali wainue mikono, na mkono wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja aliyevaa kitenge cha zambarau, safu ya pili. Nilitambua baadaye kidogo kwamba ndiye aliyekufa kwenye filamu. Alimwuliza mwongozaji kwa heshima kabisa kwa nini, baada ya bibi kufa, kamera ilitoka chumbani haraka vile. Yeye angependa kujua waliobaki walifanya nini na ile chai aliyokuwa ameletewa. Watu walicheka, mwongozaji akacheka pia, lakini nilimwona baadaye kwenye korido amesimama peke yake, anafikiri. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimtafuta mama huyo kila mwaka kabla hata sijatafuta ratiba.

Nitasimulia kisa kimoja ambacho nilikishuhudia, kwa sababu ndicho kinachonirudia zaidi. Mwaka mmoja kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye kipaji kisicho na ubishi, alikuja na mswada kuhusu mfanyabiashara anayerudi kijijini kujua kwa nini mambo yake hayaendi. Anagundua kwamba anayemroga ni bibi yake aliyemlea. Mwisho wa filamu wanakijiji wanamfukuza bibi kwa fimbo, na mjukuu anarudi mjini akiwa mwepesi. Walikuwa wamepata ua la nyumba ya zamani Ngarenaro la kupigia picha, nami nilikwenda pale asubuhi kuangalia wanavyofanya kazi. Mama alikuwa ameshavalishwa kaniki, amevaa miwani yake ya kusomea, anasoma mswada karatasi kwa karatasi. Nilidhani atakataa. Ni mzee wa kanisa yule, Mlutheri wa Machame, na sehemu yenyewe si ya kumpendeza mtu wa umri wake. Hakukataa. Alivua miwani akamwita kijana.

“Huyu bibi anakula nini asubuhi?”

“Bibi, hiyo haipo kwenye stori.”

“Najua haipo. Ndiyo maana nauliza.”

Mama akaendelea kuuliza kwa upole, bila dalili ya kumkosoa, kama mtu anayetaka tu kuelewa kazi aliyopewa. Aliuliza bibi huyo anachotewa maji na nani. Aliuliza ana ugonjwa wa miguu au hana, ili ajue atembee vipi. Aliuliza kama alimlea mjukuu huyu tangu mchanga, ni kitu gani kilichomfanya aanze kumchukia, na alianza lini. Kijana alimwambia kwamba bibi huyo ni mchawi tu, na wachawi ndivyo walivyo. Mama akasema sawa, atazicheza sehemu zote kama zilivyoandikwa, fimbo na laana na kila kitu, ila anaomba wampige kipande kifupi mwanzoni, bibi akiwa peke yake asubuhi, haongei na mtu. Wakampa. Aliwasha moto, akakoroga uji, akachukua mabakuli mawili akayapanga, akajaza yote mawili, akakaa mbele ya moja. Akanywa wa kwake polepole. Ule mwingine akaufunika na sahani. Hakuna aliyemwelekeza kufanya hivyo. Kijana hakusema “Kata.” Aliiacha kamera iendelee mpaka mama mwenyewe aliponyanyuka akauliza kama imetosha.

Filamu ilipoonyeshwa ukumbini, kipande cha uji kilikuwa ndani yake, na hakuna kilichobadilishwa katika yaliyofuata. Bibi alilaani, wanakijiji walikuja na fimbo. Lakini walipoanza kumsukuma nje ya ua, mtu mmoja nyuma ya ukumbi alisema kwa sauti ya kawaida tu, “Mwacheni,” na minong’ono ya kukubali ikapita katika viti. Kijana alikuwa amekaa kando yangu. Baada ya mazungumzo tulitoka nje kupunga upepo, na huko akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mama yake mzazi ana mama yake Tabora, ambaye ilibidi ahamishwe kijiji kwa sababu ya maneno ya uchawi ya aina hiyohiyo. Yeye kijana alikuwa mdogo wakati huo, hakuelezwa vizuri. Aliandika mswada mzima, akaurudia mara nyingi, na bibi yake wa Tabora hakumjia akilini hata mara moja mpaka alipoona bakuli la pili linafunikwa. Nilimwuliza atafanya nini. Alisema hajui, ila likizo hiyo hatakwenda Dar moja kwa moja, atapitia Tabora kwanza.

Nimejiuliza sana kwa nini vijana wetu huwaandika wazee hivi. Jibu jepesi ni kwamba wameiga walichokiona kwenye luninga. Nadhani kuna zaidi ya hilo, na sisi watu wa Arusha tuko mahali pazuri pa kulielewa. Mji huu umepigwa picha kuliko pengine mji wowote wa bara. Magari ya watalii yanapita katikati yetu tangu tukiwa wadogo, na wengi wetu tumo kwenye picha zilizotundikwa katika kuta za watu tusiowajua, tumesimama nyuma ya punda au pembeni ya mlima, bila jina. Nilikulia katika imani kwamba siku kamera itakaposhikwa na Mwafrika, jambo hilo litakwisha. Tamasha hili limenifundisha kwamba halikwishi lenyewe. Kijana wa Kampala anaweza kuja Meru na kumwona mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima kama vile mtalii anavyomwona, blanketi na fimbo na mawingu nyuma yake. Anaweza kumwona bibi yake mwenyewe hivyohivyo. Sidhani kama umbali huo kati ya anayepiga picha na anayepigwa unapimwa kwa rangi au pasipoti. Nadhani unapimwa kwa maswali ambayo mtu amejisumbua kuuliza kabla ya kuwasha kamera.

Si kila mtu aliyefurahishwa na kazi hiyo ya uzeeni. Binti mkubwa, yule mfamasia aliyenipigia simu, hakuipenda hata kidogo, na hakuwahi kukanyaga ukumbini. Siku moja niliingia dukani kwake kununua dawa ya kifua, akanikalisha, akanieleza wazi. Alisema mama yake ana presha, na vijana wanamweka juani siku nzima kwa soda na biskuti. Alisema watu wa kanisani wanamwuliza kama mama yao ana shida. Lakini kilichomuuma hasa ni kingine. “Mama yangu wanamuua kila mwaka,” alisema. “Ama wanamuua, ama wanamliza, ama wanamfanya mchawi. Hakuna hata mmoja aliyemwonyesha anacheka, wakati nyumbani hanyamazi kwa kucheka. Mimi nikaangalie nini kule?” Nilipomfikishia mama malalamiko hayo, alicheka kweli, akasema binti yake ana haki, ila yeye anakwenda kwa sababu bado hajawaelewa hao watoto. Wana miaka midogo namna ile, wametoka nchi za mbali, wana simu zenye kila kitu, halafu wakipewa nafasi ya kusema lolote wanataka kusema kuhusu bibi anayekufa. “Kuna kitu wanatafuta,” alisema. “Nataka nijue ni nini.”

Sasa nirudi Olasiti, siku ile ya msiba. Nilifika mchana. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanawake wa usharika wanapika, na wazee wa ukoo waliotoka Machame wamekaa upande wa migomba wakipanga safari ya mazishi. Nilikaa kwenye benchi nikasalimiana na watu. Baada ya muda binti mkubwa alikuja akaniita pembeni. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ileile kavu. Aliniambia kwamba wametafuta sauti ya mama katika simu za familia nzima hawajaipata. Zipo picha za harusi, za ubatizo, za Krismasi, mama amesimama katikati kimya. Wajukuu wadogo wanataka kumsikia. Halafu akasema, kama mtu anayemeza kidonge kichungu, “Nionyeshe moja ya zile filamu. Chagua wewe. Lakini kama anakufa sitaki.”

Nilichagua filamu ya msichana kutoka Ghana, kwa sababu ni miongoni mwa chache ambazo mama huyu hafi. Ilikuwa pia ndiyo iliyosafiri zaidi. Ilikuwa imeonyeshwa nchi kadhaa na kupata tuzo. Msichana huyo aliipiga kwenye uwanda mkavu wa magharibi ya Meru, kwenye boma moja ambalo wenyewe walikubali kuwapa nafasi. Inamhusu mama aliyeletewa habari kwamba mwanawe amefia katika machimbo ya madini, jambo ambalo Ghana na hapa kwetu linafahamika sawasawa. Sehemu kubwa haina maneno. Kuelekea mwisho mama anatoka nje ya nyumba, anakaa chini vumbini, na anaanza kulia huku akisema maneno mfululizo kwa lugha yake. Mwongozaji hakujua Kiswahili, sembuse Kichaga. Alikuwa amemwomba kwa Kiingereza kwamba azungumze lugha ya kwao, aseme lolote linalomjia, mradi machozi yawe ya kweli. Na yalikuwa ya kweli. Chini ya picha yanapita maandishi ya tafsiri aliyoyatunga msichana mwenyewe: ee ardhi, umemla mwanangu; ee mlima, umefunga macho yako; nani atanizika mimi. Ukumbini nilishawahi kuona watu wazima wakitoa leso wakati wa maneno hayo. Mimi si Mchaga. Nilikuwa nikisoma maandishi kama wengine, na kama ukumbini alikuwapo aliyeelewa maneno yenyewe, hakusema.

Tuliweka kompyuta ya mjukuu mmoja juu ya meza sebuleni. Wakakusanyika watoto, wajukuu, na kina mama wazee kutoka Machame walioacha kumenya ndizi wakaja na visu mikononi. Filamu ilikwenda kimya. Mama alipotokea kwenye mlango wa boma, mmoja wa wale wazee alishika mdomo. Kisha akakaa vumbini, akaanza kulia na kusema, nami nikainamisha kichwa nikijiandaa kwa kilio kitakachofuata sebuleni.

Kilichofuata ni kicheko. Kilianza kwa wale kina mama wa Machame, wakajaribu kukizuia, kikawashinda. Binti mkubwa alikuwa ameziba uso kwa viganja, mabega yanatikisika, nami kwa sekunde chache nilidhani analia. Wajukuu waliozaliwa mjini, ambao Kimachame, Kichaga cha kwao, hawakijui, walikuwa wanaangalia huku na huku kama mimi. Niliuliza kuna nini. Mama mmoja mzee, wifi wa marehemu na shangazi wa binti, alinitafsiria huku akifuta machozi ya kucheka. Marehemu alikuwa akisema kwamba ameacha shuka nyeupe kwenye kamba nyumbani Olasiti, na vumbi hili la huku likifika kule itabidi azifue upya. Kwamba mawingu yameshuka kwenye mlima na hakuna aliyebaki nyumbani wa kuanua. Kwamba watoto hawa wa watu hawajala tangu asubuhi, na yule mwembamba mwenye visikizi masikioni ataanguka. Kwamba chai ya kuwapa ipo lakini maziwa hayapo. Yote hayo akiyasema kwa machozi yanayotiririka, sauti inapanda na kushuka kama ya mtu anayeomboleza kweli.

Kisha shangazi akanyamaza, na chumba chote kikanyamaza naye, kwa sababu kwenye filamu mama alikuwa amefika kwenye sentensi ya mwisho. Hakunitafsiria hiyo. Binti ndiye aliyefanya hivyo, taratibu, bila kuondoa macho kwenye kioo. “Anasema, na wewe umekwenda wapi, kazi zote hizi umeniachia mimi.”

Halafu binti alinieleza kwamba hivyo ndivyo mama yake alivyolia siku zote. Baba yao alipofariki hakusikika akitaja kifo. Alikuwa akizunguka ndani ya nyumba, machozi yanashuka mpaka kwenye kola, anauliza vikombe vya wageni viko wapi, nani amewafunga mbuzi, chumvi imefichwa wapi. Jirani mmoja hata alimsema kwamba ana moyo mgumu. “Nilidhani mle kwenye filamu wameweka mtu mwingine,” alisema. “Kumbe yumo.” Akaomba tuirudie filamu tangu mwanzo, na safari hiyo akamwita kaka yake aliyekuwa nje na wazee.

Sikuweza kuliacha jambo hilo likae hivyo. Baada ya mazishi nilimpigia simu yule msichana wa Ghana. Nilimweleza taratibu, nikijua kwamba ninamgusa mahali penye maumivu, maana filamu ile ndiyo iliyomfungulia milango. Kwanza aliona aibu, akaniuliza ni watu wangapi wanajua. Baadaye akauliza swali la maana zaidi, kwamba kila sentensi ilisema nini hasa, na akaniomba nizirudie polepole. Tulipofikia ile ya mwisho aliniomba nimpe muda. Siku mbili tatu baadaye alimwandikia binti mkubwa mwenyewe, akimwomba radhi na kumwuliza familia inataka nini. Alisema yuko tayari kuiondoa filamu kabisa. Binti alinisomea jibu alilompa. Lilikuwa fupi kama dawa inavyoandikwa: picha iache, andika alichosema.

Hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri kabla ya kuandika safu hii. Katika tamasha la mwaka huu filamu ilionyeshwa tena, picha zilezile, sauti ileile, maandishi mapya yaliyotafsiriwa na binti na shangazi yake. Binti alikuja, akakaa mbele pamoja na wajukuu. Nilisimama kando ya ukumbi ili nitazame watu badala ya kioo. Shuka zilipotajwa, vijana wachache walicheka kwa wasiwasi, wakiangaliana kama wanaruhusiwa. Walipofika kwenye maziwa yasiyokuwapo ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Na sentensi ya mwisho ilipopita chini ya picha, kicheko kilikatika kote kwa mara moja, na palikuwa na ukimya ambao, kwa miaka yote niliyoiona filamu ile na maneno yake makubwa ya mwanzo, sikuwahi kuusikia.

Wakati wa mazungumzo mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza kama bibi pale alikuwa anaigiza au hakuwa anaigiza, na ile sentensi ya mwisho alikuwa akimwambia nani. Msichana wa Ghana alikuwa nasi kwa njia ya video. Alisema hajui, kwa sababu hakumwuliza. Alikaa naye siku nzima, alikunywa chai yake, alimpiga picha kutoka kila upande, na hakuwahi kumwuliza amesema nini. Nikamgeukia binti mkubwa nikidhani atatusaidia. Alisimama, akakataa kipaza sauti, akamwuliza yule mwanafunzi kama ana bibi. Kijana akajibu kwamba anaye, yuko Mbulu. Binti akamwuliza kama anajua bibi yake analia vipi. Kijana alifikiri, akasema kwa kweli hajui. “Basi hata mimi sijui alikuwa anamwambia nani,” alisema binti. “Inaweza kuwa baba. Mimi nilimjua miaka yote na sikuuliza. Wewe bado unaye.” Akakaa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na tumeurudia msemo huo mpaka umebaki kuwa wa kuwapa moyo watoto wa shule. Kwangu mimi, baada ya msiba huu, umekuwa na uzito mwingine. Kila mmoja wetu ana mtu mzima nyumbani ambaye ameshamwandikia maneno yake chini ya picha na kuyaamini: huyu ni mkali, huyu ana moyo mgumu, huyu hana neno, huyu ameshachoka na dunia. Inawezekana tumepatia. Inawezekana pia kwamba kwa miaka mingi amekuwa akituambia kitu kingine kabisa, mbele yetu, kwa sauti, katika lugha tuliyoona uvivu kujifunza. Njia ya kujua ni moja tu, na ina mwisho wake, kwa sababu anayeweza kujibu hatakaa nasi milele. Mwendee. Mwulize amesema nini. Na akianza na mvua na shuka na maziwa, usimkatize.